Marehemu Halipi Maegesho

Laana zenu zimenifika. Tangu Jumamosi iliyopita wasomaji wananiandikia kupitia gazeti hili wakiniuliza, "Dalmas, wewe ni mtu wa aina gani?" Subirini kwanza. Mkimaliza ya leo mtaniongezea nyingine.

Kwa aliyechelewa kupanda: mimi kazi yangu ni picha za matanga. Ukifiwa Kisumu unaniletea picha ya mtu wako, namsafisha uso, namvalisha suti hata kama hakuwahi kuwa nayo, halafu nachapisha mabango ya kubandika kwenye vioo vya magari. Utepe mwekundu wa kufunga kwenye vioo vya pembeni nauza pia. Kibanda changu karibu na stendi kilivunjwa pamoja na vingine hamsini, na simu yangu ikapotelea kwenye vurugu hiyo. Nikabaki na kompyuta, printa na gari kuukuu la Probox. Nikahamishia ofisi kwenye buti.

Sasa ofisi ya namna hiyo lazima isimame katikati ya mji, na katikati ya mji kusimama ni kulipa, kila siku ya Mungu. Wiki tatu nilizunguka kutafuta nafasi ya bure. Nyuma ya kanisa, mlinzi alinifukuza akisema neema ya pale ni ya Jumapili tu. Benki walitaka kuona kadi ya akaunti. Kando ya hospitali moja nilikaa siku mbili nikijifanya nasubiri mgonjwa, mpaka muuguzi akaniuliza mgonjwa mwenyewe yuko wodi gani. Obunga, mtaa wa mabanda ninakolala, kupaki ni bure, lakini nani ataleta picha ya marehemu wake Obunga?

Nilipoachia Jumamosi iliyopita, Nabututu alikuwa amepiga goti kando ya gurudumu langu. Nabututu ni yule mama wa jaketi ya njano anayesimamia maegesho ya mtaa ule, na mkononi alikuwa na klampu, ile chuma ya kufunga gari lisilolipiwa. Mimi nami nilikuwa nimetupa jicho kwenye kiti cha mbele nikaliona bango langu la sampuli.

Sampuli ni ya kuwaonyesha wateja. Kutumia picha ya mtu mwingine ingekuwa kumtakia kifo, kwa hiyo nilijitumia mwenyewe: shati jeupe, waridi pembeni, na chini maneno "Kwaheri Mpendwa Wetu". Jina sikuandika. Mama yangu angeliona lile bango angenichapa, na mimi nina miaka arobaini.

"Hii gari haijalipa," Nabututu alisema. "Na si leo tu. Ni siku ya tatu."

"Mama, hii ni gari ya matanga."

Nilisema hivyo huku mkono ukilibandika bango kwenye kioo cha mbele. Utepe ulikuwa mfukoni. Nikaufunga nao.

Nabututu aliinuka. Akatazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha.

"Si huyu ni wewe?"

"Ni pacha wangu." Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma ikihema. "Odongo."

"Kumbe wewe ni Opiyo."

Kwetu Ujaluoni pacha anayetangulia kuzaliwa ni Opiyo na anayefuata ni Odongo, hilo hata Mbukusu aliyekuja Kisumu jana analijua. Nikaitikia. Nikawa Opiyo.

Nilitegemea aniambie pole kisha afunge gari hata hivyo. Hakufunga. Aliiweka klampu chini, akaifuta mikono yake kwenye jaketi.

"Mimi pia nilikuja duniani na mwenzangu," alisema. "Becky. Surua ilimchukua tukiwa darasa la pili. Opiyo, pole. Mimi najua vile unasikia. Kaa hapa mpaka mzike. Hakuna mtu atakugusa."

Ndivyo nilivyopata maegesho ya bure katikati ya mji wa Kisumu.

Asubuhi yake nilikuta amenishikia nafasi kwa kreti ya soda. Ikawa hivyo kila siku. Nikifika anaitoa kreti, naingia, ananiuliza nimelalaje. Siku nyingine ananiletea chai kwenye chupa yake mwenyewe, maana alisikia mtu mwenye msiba husahau kula. Nilikuwa nanenepa.

Na kazi ilikwenda! Wateja waliona bango wakasimama, wakanipa pole, nami nikawapokea kwa sauti ya chini kabla ya kuwaonyesha aina za karatasi.

Shida ikawa moja tu.

"Mnazika lini?" Nabututu aliuliza wiki ya kwanza.

"Tunangoja ndugu yetu. Yuko ng'ambo, hajapewa ruhusa."

Wiki ya pili akauliza tena.

"Ndugu amekubaliwa," nikasema. "Lakini marehemu hakuwa na nyumba nyumbani. Lazima tumjengee kwanza."

Hapo hakuuliza zaidi, kwa sababu hapo sikubuni kitu. Kwetu mwanamume mzima akifa bila kujenga katika boma la baba yake, ukoo humsimamishia nyumba upesi ndipo azikwe. Uongo wangu nilikuwa nimeuokota kwangu mwenyewe. Asiye na nyumba kwao Asembo ni mimi. Miaka kumi mama yangu Jacinta amekuwa akinisihi, "Dalmas, jenga hata ya chumba kimoja, watu wananicheka," na miaka kumi nimekuwa nikimwambia mwezi ujao. Tangu kibanda kivunjwe sikuwa hata nimempigia. Nilinunua laini mpya na namba sikumpa. Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe sasa anafanyia kazi kwenye buti?

Basi kila Nabututu alipouliza, nyumba ilipanda kidogo. Leo nguzo, wiki ijayo mabati. Nilijenga vizuri sana kwa mdomo.

Siku moja alinisogelea dirishani.

"Opiyo, siku ya kuzika nitaomba ruhusa. Nitakuja."

"Asembo ni mbali, mama. Usijisumbue."

"Becky alizikwa mimi wamenificha kwa shangazi. Walisema mtoto asione. Sijawahi kusimama kwa hiyo kaburi siku hiyo ya kuzika. Nataka nisimame na wewe." Aliyafuta macho kwa kiganja. "Hata mume wangu sijawahi kumwambia hii maneno."

Niliona aibu. Hii ni toba na sitaficha kitu: niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha mteja akagonga dirisha, nikawasha printa.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Mimi hata hizo sikupewa zote. Ilikuwa siku ya thelathini na sita, Jumanne, saa saba na nusu mchana. Nilikuwa nimeenda kula kwa Awuor, mama mwenye kibanda cha chakula nyuma ya maduka ya vitambaa. Ugali, omena, sukuma. Nilishiba. Nikarudi polepole, kijiti cha meno mdomoni.

Nikasikia kilio.

Kilio cha matanga nakijua, ndicho kinachonilisha. Lakini hiki kilikuwa kinataja jina.

"Dalmas yaye! Dalmas wuoda, mwanangu! Umeniacha na nani?"

Watu walikuwa wamelizunguka gari langu. Nikapenya mpaka nyuma ya mtu wa pili, nikachungulia. Mama yangu alikuwa amelala kifudifudi juu ya boneti, miguu bila viatu, leso imefungwa kiunoni. Mkono mmoja ulikuwa umeinuka unapapasa kioo, unampapasa yule mtu wa shati jeupe. Pembeni alisimama Okinyi, jirani yetu wa Asembo Bay anayeleta samaki mjini, kofia mkononi.

Nilivyokuja kuelewa baadaye ni hivi. Jumatatu Okinyi alipita pale akitoka kushusha samaki. Akaniona kwenye kioo, nimezungukwa na waridi, gari limefungwa na mimi sipo. Alipiga namba yangu ya zamani, akaambiwa haipatikani. Akapiga Asembo.

Nabututu alikuwa amemkumbatia mama mgongoni, naye analia.

"Mama, pole. Pole sana. Lakini Mungu hajakunyang'anya wote. Amekuachia mmoja."

"Mmoja gani?" Mama alisema bila kuinua kichwa.

"Opiyo. Pacha yake. Ameenda kula tu, saa hii anarudi."

Kilio kilikatika. Mama akainuka taratibu, akamgeukia.

"Pacha? Mimi sikuzaa pacha. Mimi nilizaa Dalmas peke yake, na baba yake akakufa."

Nilikuwa na nafasi ya kukimbia, msinidanganye kwamba ninyi msingefikiria. Lakini Okinyi aligeuka kutafuta pa kutemea mate, macho yetu yakakutana.

"Nyasaye! Mungu wangu!" Alirudi nyuma mpaka akaangukia pikipiki iliyoegeshwa. "Dalmas! Dalmas ndiye huyu!"

Watu walisogea pembeni, nikabaki peke yangu mbele ya mama, kijiti mdomoni.

Hakunikimbilia. Alianza kunitazama kwenye viatu, akapanda pole pole hadi usoni. Akaja. Akanigusa shavu kwa vidole viwili. Kisha akauondoa mkono na kuufuta kwenye leso yake.

"Unatoka kula?" aliuliza.

"Mama..."

"Mimi nalia tangu jana. Hata maji sijaweka kwa mdomo. Na wewe unatoka kula?"

"Mama, haikuwa kitu kibaya. Ilikuwa ya kupaki tu."

"Ya nini?"

"Ya kusimamisha gari. Bila kulipa."

Hakuelewa. Mama hajawahi kuwa na gari. Ikabidi Okinyi amfafanulie kwa Kijaluo, na kwa Kijaluo jambo lile lilikuwa bovu zaidi, kwa sababu halikuwa na hata neno moja la kulisitiri: mwanao amejiua kwa picha ili gari lake lisimame bure. Mtu mmoja nyuma alicheka. Hakuna aliyemfuata.

"Wanaume wa nyumbani wameamka saa kumi na moja kukujengea," mama alisema. "Nguzo iko juu. Mabati wameleta. Miaka kumi nakuomba, Dalmas. Miaka kumi! Leo umejengewa kwa siku moja."

Nikamtafuta Nabututu kwa macho, kama kwamba yeye angenitetea.

Nabututu alikuwa ameacha kulia. "Unaitwa Dalmas," alisema.

"Nisikilize..."

"Nilikuambia mambo ya Becky. Nilikuletea chai."

Alikwenda ukutani zilipowekwa klampu, akachukua moja, akapiga goti palepale alipopiga goti siku ile. Chuma kikawa kinagonga rimu bila kuingia.

Hajamaliza, kundi likafunguka upande wa pili. Alikuwa Khaemba, mkubwa wa wasimamizi wa maegesho, mwenye kofia na kitabu. Zogo katikati ya mji haliwezi kumpita mkubwa.

"Nabututu! Hii ndiyo ile gari wakili wa ghorofa ya juu analalamikia kila siku?"

"Ndiyo, bosi."

"Wiki tano haijalipa hata siku moja. Wiki tano! Huyu anakupea ngapi?"

"Hakuna kitu ananipea. Haki ya Mungu. Ilikuwa gari ya matanga."

"Matanga ya wiki tano?"

"Walikuwa wanajenga nyumba kwanza," Nabututu alisema, na sauti ikamwishia hapo, maana ndiyo kwanza alikuwa anayasikia maneno hayo kwa masikio ya mtu mwingine.

Khaemba alinigeukia. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa mtu aliyechoka kudanganywa.

"Mzee, nitakuuliza mara moja tu. Uko na msiba ama huna? Kama uko nayo, huyu mama alikuhurumia, na huruma si kosa. Kama huna, basi alikuwa anakula na wewe. Avue jaketi sasa hivi, na gari ishikwe iende yadi na kila kitu iko ndani."

Nabututu alikuwa bado chini, klampu mapajani, hanitazami.

Piga hesabu na mimi, msomaji. Nikisema sina msiba, kompyuta na printa zinakwenda, na mama wa watu anafukuzwa kazi kwa kunihurumia. Nikisema ninao, najizika kwa kinywa changu mbele ya aliyenizaa.

Mngependa niwaambie nilivyojibu kiume. Sikujibu. Nabututu akaanza kufungua vifungo vya jaketi yake, kimoja kimoja, bila kuambiwa mara ya pili.

"Iko msiba," mama alisema.

Kiswahili cha mama yangu ni kile cha kuuzia samaki. Siku ile kilimtosha.

"Mimi ndiye mwenye msiba," alimwambia Khaemba. "Nimekufiwa na mtoto. Huyu mama wa jaketi alitushikia mkono, Mungu ambariki. Usimfukuze."

Khaemba alivua kofia.

"Pole, mama. Marehemu alikuwa anaitwa nani?"

"Dalmas." Alisema akiitazama picha. "Alikuwa moja tu."

"Na huyu?" Khaemba alininyooshea kidole.

Mama hakugeuka.

"Huyu ni dereva."

Nimepigwa na polisi maishani, nimevunjiwa kibanda, nimelala nje. Vyote nimewahadithia wiki zilizopita, na uchungu wa vyote nimeusahau. Neno lile mpaka leo linanichoma. Okinyi aliinamisha kichwa. Wale waliokuwa wamesikia yote walitazamana, wakangoja mmoja wao aseme, na hakuna aliyesema. Watu wa Kisumu wana midomo, lakini mama aliyefiwa hawamkatizi.

"Basi mpelekeni mama nyumbani," Khaemba alisema taratibu. "Nabututu, funga jaketi. Si wewe unawajua? Wasindikize. Leo nakupea ruhusa."

Nilifikiri atakataa. Alifunga vifungo. Akairudisha klampu ukutani, akafungua mlango wa nyuma, akasukuma karatasi zangu za maua pembeni na kumsaidia mama kuingia. Kisha akaingia yeye. Okinyi alikaa mbele na mimi, kofia magotini.

"Twende wapi, mama?" niliuliza, kama mjinga.

Alijibu Nabututu.

"Nilisema siku ya kuzika nitakuja. Endesha."

Niliwasha gari. Bango lilikuwa linanizuia upande wa kushoto, nikanyoosha mkono nilibandue.

"Wacha hiyo," mama alisema. "Watu wa njiani wajue gari imebeba nani."

Nikaacha. Nilirudi nyuma nikatoka, na kwenye kioo cha pembeni, chini ya utepe wangu mwekundu, nikaona gari jeupe likiingia kwenye nafasi yangu kabla sijafika hata kwenye kona. Siku thelathini na sita.

Mpaka njiapanda ya Kisian, magari tuliyopishana nayo yalipunguza mwendo kwa heshima. Mwendesha pikipiki mmoja alivua helmeti. Nilitaka kumpungia mkono nimwambie niko hapa, ni mimi huyu.

Tulipokata kushoto kushika njia ya Bondo, simu ya mama iliita. Nikaisikia sauti ya baba mdogo upande wa pili, anapiga kelele kushinda nyundo za mabati. Alikuwa anauliza kama mwili wameupata.

Nilimtazama mama kwenye kioo. Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke mjini naye alinitazama, macho makavu, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Nabututu.

"Tumeupata," alijibu kwa Kijaluo. "Tuko njiani nao. Anzeni kuchimba."